Bwawa Lahitaji Mtu wa Kubaki

Tunapozungumzia chakula cha Masisi na Walikale, tunataja muhogo, maharagwe, viazi na ng'ombe wa malisho ya milimani. Bwawa la samaki twalitaja kwa nadra, ingawa historia yake katika nchi yetu ni ndefu na inatuhusu.

Majaribio ya kufuga tilapia yalianza Katanga kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, serikali ya kikoloni, ikihangaikia uhaba wa nyama na samaki vijijini, ilianzisha kituo cha utafiti cha Kipopo, karibu na Lubumbashi ya leo, ikawahimiza wanavijiji kuchimba mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalizidi 100,000 katika Kongo nzima. Baada ya uhuru wa 1960 mengi yaliachwa yakaota majani. Mengi yalichimbwa kwa shinikizo la utawala. Utawala ule ulipoondoka, mwenye bwawa hakuonekana. Tena tilapia huzaana upesi: wasipopunguzwa, hujaa bwawani na kubaki wadogo.

Hata hivyo, elimu ile ingali na thamani. Samaki hutoa amonia, ambayo ikizidi huwadhuru wenyewe. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa nitrati, nayo ni chakula cha mimea. Ndiyo sababu lengalenga inayonyweshwa maji ya bwawa hustawi, na tope la chini ni mbolea. Leo wapo wanaootesha mboga katika maji hayo bila udongo. Kanuni ni ileile. Katika joto la msitu wa Walikale, unakopita mto Lowa, tilapia hukua vema. Katika baridi ya milima ya Masisi hukawia.

Kote kuwili, mavuno hungojewa miezi sita au zaidi. Hapa ndipo historia yetu wenyewe inapoingia. Mwezi Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na vita vikaenea hadi Masisi. Tangu hapo familia nyingi zimekimbia, tena si mara moja. Muhogo waweza kumngojea mwenyewe ardhini. Bwawa halingoji: mfereji huziba, ukingo hubomoka, samaki huvuliwa na mpita njia. Anayerudi hukuta shimo.

Kwa hiyo bwawa hutuuliza maswali mawili ya kale: ni la nani, na je, mwenye nalo ana hakika ya kulala kwake hadi siku ya mavuno? Kikundi kinachotaka kuchimba kisianze na jembe. Kwanza kifahamu shamba ni la nani, kiandike mapatano mbele ya mashahidi, kisha kimwendee jirani aliye chini ya kijito, awe wa kabila lolote, kupatana naye juu ya maji. Mabwawa ya kwanza yalikosa wenyewe. Yaliyofuata yalikosa amani. Yetu yahitaji yote mawili.