Ng'ombe wa Katarikawe si utoto

Leo tunaandika juu ya mzee mmoja mchoraji. Lakini tuanze na jambo lililotokea kwetu.

Siku moja hapa Kampala watoto wa kundi letu walikuwa wanachora. Mgeni wa shirika moja alitaka picha za kuonyesha wafadhili, kichwa chake "maisha ya mkimbizi". Wengi wakachora hema, bunduki na machozi. Msichana mmoja akachora ng'ombe wa njano, amevaa gomesi, amepanda boda. Tulicheka sana! Picha yake haikuchukuliwa, ati haionyeshi shida. Na sisi tunaojitolea tulinyamaza. Mpaka leo inatuuma.

Baadaye ndiyo tukamkumbuka Jak Katarikawe.

Huyu mzee alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Hakupata shule ya kueleweka. Alikuja Kampala akawa dereva, akamwendesha David Cook, mwalimu wa fasihi pale Makerere. Cook aliona michoro yake, akaona hapa kuna kitu. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyesomea Makerere, naye akamtia moyo na kumwelekeza. Hivyo dereva akawa mchoraji.

Alichora nini? Zaidi ng'ombe. Ng'ombe wa bluu, wa zambarau, wanaopendana kama watu, na rangi laini zinazoingiliana kama ukungu wa milima ya kwao. Mwenyewe alisema picha zilimjia ndotoni.

Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali, na nchi ikaingia miaka migumu. Wasanii wengi walitawanyika. Katarikawe naye aliishia Nairobi, akaishi na kuchora huko miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2018. Hatusemi alikuwa na karatasi za ukimbizi kama sisi. Lakini kuishi mbali na milima ya kwenu na bado kuichora kila siku, hilo sisi tunalielewa bila kuelezwa.

Nairobi, Gallery Watatu iliuza picha zake, na wageni wengi walizipenda. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Frankfurt, Ujerumani, lilimfanyia maonyesho makubwa. Lakini sifa zenyewe mara nyingi zilikuwa za kumpunguza: ati anachora kama mtoto, ati ni msanii asiyesoma, anaota tu.

Sisi tunaona tofauti. Kwanza, huko alikotoka ng'ombe si mnyama tu. Ni mahari, ni heshima, ni undugu kati ya familia mbili. Ukichora ng'ombe wawili wanaopendana, umeshazungumza juu ya ndoa, mali na wivu. Pili, bibi zetu walitusimulia sungura na fisi, na kila mtu mzima pale motoni alijua fisi ni nani kijijini. Mnyama anakusaidia kusema ukweli bila kutaja jina la mtu. Hiyo ni akili, si utoto.

Wengine walimwita Chagall wa Afrika. Chagall ni yule mchoraji Myahudi, mzaliwa wa Vitebsk, aliyechora maharusi wanaoruka juu ya nyumba. Watu wanasahau kwamba mwaka 1941 alikimbia Ufaransa kwa kuwaogopa Wanazi, akaishi New York mpaka 1948. Alikuwa mkimbizi, na mbuzi na ng'ombe wa kwao waliendelea kucheza ndani ya picha zake. Hakuna anayesema alikuwa amesahau shida.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu wa mashirika: mtoto akichora kitu cha kuchekesha, msifikiri hajaumia. Pengine huyo ng'ombe wa njano ndiye mama yake aliyebaki Kivu, na boda ndiyo safari ya kumleta hapa. Muulizeni kwanza.

Na sisi vijana tujilaumu pia. Tumezoea kutoa machozi kwa sababu machozi yanaleta msaada. Jumamosi ijayo watoto watachora bila kichwa chochote. Ile picha ya gomesi tumeibandika mlangoni. Ukija, utaiona kabla hujatuona sisi.