Jabber: Uhuru wa watunzi wa programu wageuka kero kwa mtumiaji

JABBER ni mfumo wa kutumiana ujumbe wa papo kwa papo kupitia intaneti, ulioasisiwa mwaka 1999 na Jeremie Miller wa Marekani. Itifaki yake, yaani kanuni zinazofuatwa na kompyuta zinapowasiliana, haimilikiwi na kampuni yoyote. Mwaka 2004 ilipitishwa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, kwa jina la XMPP. Aliyejiandikisha kwenye seva moja aweza kumwandikia wa seva nyingine, kama ilivyo kwa barua pepe.

Msingi wa itifaki hiyo uliachwa mdogo kwa makusudi: maandishi, orodha ya marafiki, na taarifa ya nani yuko hewani. Mengine yote, hata mazungumzo ya vikundi, ni nyongeza za hiari, ambazo sasa zimepita 400. Uhuru huo uliwavutia wakubwa. Google iliitumia kuanzisha Google Talk mwaka 2005, na WhatsApp ilijengwa juu ya XMPP iliyofanyiwa marekebisho.

Mzigo ulimwangukia mtumiaji. Mwenye simu na kompyuta, kwa mfano, huhitaji nyongeza inayopeleka nakala ya kila ujumbe kwenye vifaa vyote viwili. Programu yake ikiwa nayo lakini seva haina, mazungumzo hukatika vipande: nusu mkononi, nusu mezani. Ujumbe uliofungwa kwa usimbaji wa OMEMO nao haufunguki iwapo programu ya mpokeaji haiujui. Mtumiaji haoni kilichokosekana. Hulaumu mtandao, au mwenzake.

Mwaka 2013 Google ilileta Hangouts, isiyozungumza na seva za wengine. Mwaka 2016 Moxie Marlinspike, mwasisi wa Signal, alitoa hoja kwamba mifumo ya namna hii haibadiliki kwa kasi inayotakiwa. Signal yenyewe hubadilisha huduma kwa wateja wote kwa pamoja, lakini gharama yake ni kwamba wote hutegemea mwendeshaji mmoja.

Taasisi inayosimamia XMPP haikutaka kufika huko. Hutoa, na kuhuisha mara kwa mara, orodha ya nyongeza ambazo programu au seva yapasa kuwa nazo ili ihesabiwe kuwa imekamilika. Ni njia ya busara, ijapokuwa hakuna anayelazimishwa kuifuata, na mtu wa kawaida anayechagua programu ni nadra kujua kwamba orodha hiyo ipo.