Zuio la muda
Zuio la muda ni amri ya mahakama inayomkataza mtu kutenda jambo hadi kesi ya msingi iamuliwe. Ni kinga, si adhabu. Mahakama Kuu Songea, kama mahakama nyingine za Tanzania, huongozwa na shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: pawe na hoja nzito yenye dalili za mwombaji kushinda, pawe na hatari ya hasara isiyofidika, na madhara ya kutotoa amri yazidi ya kuitoa. Sharti la pili ndilo uti wa mgongo, kwani mibuni ikishang'olewa katika shamba lenye mgogoro, hukumu haiirudishi. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, zuio halizidi miezi 6. Likiongezwa, jumla isizidi mwaka 1.