Faragha ya Miamala katika Historia ya Sarafu za Kidijitali

Fedha za kidijitali zilibuniwa kwanza kwa ajili ya kulinda siri ya mnunuzi, robo karne na zaidi kabla ya Bitcoin. Mwaka 1982 David Chaum, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alieleza jinsi mtu anavyoweza kulipa kwa njia ya kielektroniki bila benki kujua amemlipa nani. Chaum aliona hatari ambayo wengi wa wakati wake hawakuitilia maanani: anayetunza kumbukumbu za malipo ya watu hujua wanakosafiri, wanachosoma, dawa wanazotumia na vyama wanavyochangia. Noti haina kumbukumbu ya mikono iliyoipitia, naye alitaka fedha za kompyuta ziwe hivyohivyo.

Njia yake iliitwa sahihi pofu, na aliifafanua kwa mfano wa bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani. Mteja huandika namba ya siri kwenye kikaratasi, hukitia ndani ya bahasha hiyo na kuipeleka benki. Benki hutia sahihi juu ya bahasha bila kuifungua, na kaboni huipitisha sahihi hadi kwenye kikaratasi. Baadaye mwenye duka aliyelipwa kikaratasi hicho akikirudisha, benki huitambua sahihi yake na kutoa fedha, lakini haiwezi kujua kilitoka katika bahasha ya nani. Kampuni ya Chaum, DigiCash ya Amsterdam, iliigeuza hisabati hiyo kuwa bidhaa, na mwaka 1995 Mark Twain Bank ya St. Louis ikaanza kuitoa kwa wateja wake. Waliojiunga walikuwa wachache. DigiCash ilifilisika mwaka 1998, na fedha zake zikatoweka pamoja nayo, kwa kuwa mfumo mzima uliegemea kampuni moja na mabenki yaliyokubali kushirikiana nayo.

Somo hilo liliwaingia vizuri wanaharakati wa usimbaji fiche waliokuwa wakikutana California tangu mwaka 1992, wakiongozwa na Eric Hughes, Timothy May na John Gilmore. Kwao faragha ilikuwa haki ambayo haingeletwa na serikali wala kampuni. Watu wangeijenga wenyewe kwa programu. Walichotafuta ni fedha isiyo na benki kabisa. Tarehe 31 Oktoba 2008 mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitoa maelezo ya fedha hiyo, na Januari 2009 Bitcoin ikaanza kufanya kazi.

Kuiondoa benki kulikuwa na gharama yake. Pasipo msimamizi mmoja wa kuhakikisha kwamba sarafu hailipwi mara mbili, lazima kila kompyuta iliyo kwenye mtandao iweze kuiona miamala yote. Daftari la Bitcoin kwa hiyo liko wazi kwa yeyote, na hakuna mstari unaofutwa. Chaum aliificha miamala isionwe na benki. Nakamoto aliiondoa benki, kisha akaianika miamala mbele ya dunia nzima. Kilichofichwa ni majina tu, maana daftari huandika anwani, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu. Nakamoto alijua udhaifu huo. Alishauri kila muamala utumie anwani mpya, na akakiri kwamba hata hivyo baadhi ya anwani zingeunganishwa.

Muamala mmoja wa kawaida unaonyesha jinsi zinavyounganishwa. Mtu aliyewahi kupokea bitcoin 1 akitaka kulipa 0.3, hawezi kuimega tu. Pochi yake huitoa yote, 0.3 ikaenda kwa muuzaji, na chenji ya karibu 0.7 ikarudi kwake kwenye anwani mpya. Anayelitazama daftari huona anwani mbili zikipokea, na mara nyingi ni rahisi kukisia ipi ni ya chenji: kiasi cha bei huwa namba iliyokamilika, nayo anwani ya chenji haijawahi kuonekana kabla. Siku nyingine mtu huyohuyo akichanganya chenji hiyo na kiasi alichopokea kwingine ili atimize malipo makubwa, anwani zote mbili hutia sahihi kwenye muamala mmoja, na mtazamaji hujua kwamba mwenye nazo ni mmoja. Jina likifahamika kwa anwani moja tu, kundi zima limefahamika, pamoja na malipo ya miaka iliyopita.

Mwaka 2013 Sarah Meiklejohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walithibitisha jambo hilo kwa vitendo. Walifungua akaunti kwenye masoko ya kubadilishia sarafu na kununua bidhaa kwa wauzaji mbalimbali, wakaandika anwani walizokutana nazo, kisha wakatumia mbinu ya chenji na ya sahihi za pamoja kuyapa majina makundi makubwa ya anwani. Polisi na kampuni za uchunguzi zilifuata njia hiyo. Mwaka 2022 Marekani ilikamata bitcoin zaidi ya 94,000 zilizoibwa mwaka 2016 kutoka soko la Bitfinex; wizi ulikuwa na umri wa miaka sita, lakini daftari lilikuwa limeutunza wote.

Si wahalifu tu wanaoguswa na uwazi huo. Anayelipwa mshahara kwa bitcoin humwonyesha mwajiri anakozipeleka, na anayenunua kitu kidogo anaweza kumfunulia muuzaji akiba yake. Hatari kubwa iko kwenye malango ya kuingilia na kutokea, mahali jina halisi linapokutana na anwani. Masoko mengi hudai kitambulisho na picha. Afrika Mashariki, ambako wengi hununua sarafu hizi mtu kwa mtu, ujumbe wa M-Pesa humpa muuzaji jina la mnunuzi wakati huohuo anapomtumia bitcoin kwenye anwani yake. Mwaka 2020 majina, simu na makazi ya wateja wapatao 272,000 wa Ledger, watengenezaji wa vifaa vya kuhifadhia funguo za siri za sarafu, yalivuja na kusambazwa, na wateja wengi wakaanza kupokea vitisho na ujumbe wa kitapeli. Daftari lenyewe halikuvunjwa mahali popote.

Tiba za kwanza ziliwekwa juu ya Bitcoin yenyewe. Walikuwapo wachanganyaji waliopokea sarafu za wengi na kurudisha nyingine, lakini ilibidi mteja awaamini, na baadhi yao walitoroka na mali. Mwaka 2013 Gregory Maxwell alipendekeza CoinJoin, ambamo watu kadhaa hutengeneza muamala mmoja wa pamoja wenye malipo ya viwango sawa, bila yeyote kumkabidhi mwenzake sarafu zake.

Wengine waliona heri kuanza upya. Monero, iliyozinduliwa Aprili 2014, hutumia sahihi za pete: muamala huonekana kana kwamba ungeweza kutiwa sahihi na mwenye sarafu yoyote katika kundi, na tangu 2022 kundi hilo lina sarafu 16. Mwanzoni kujificha hakukuwa lazima, na watafiti waliweza kuifuatilia miamala mingi ya miaka hiyo. Mwaka 2017 kiasi kinacholipwa nacho kilifichwa, na ufichaji ukawa wa lazima kwa wote.

Zcash ilianza Oktoba 2016 ikiegemea ithibati zinazomwezesha mtu kuonyesha kwamba malipo ni halali bila kutaja nani, kwa nani wala kiasi gani. Kuianzisha kulihitaji siri ambayo yeyote angeipata nzima angeweza kughushi sarafu. Watu sita katika maeneo tofauti walitengeneza vipande vyake na kuviharibu. Mmoja, Peter Todd, aliifanya kazi hiyo garini akipita British Columbia, na mwingine aliyejiita John Dobbertin alifahamika mwaka 2022 kuwa Edward Snowden. Mwaka huohuo njia mpya iliondoa haja ya siri ya namna hiyo. Hata hivyo wengi walibaki kwenye anwani za wazi za Zcash, na utafiti wa 2018, ulioshirikisha tena Meiklejohn, ulionyesha kuwa kuingia na kutoka kwao katika sehemu iliyofichwa kuliwapunguzia kinga hata wale waliojificha.

Upande wa sheria umekuwa mgumu zaidi. Agosti 2022 Marekani iliiwekea vikwazo Tornado Cash, programu ya kuchanganya sarafu, kwa hoja ya utakatishaji fedha, Uholanzi ikamkamata mtunzi wake mmoja, Alexey Pertsev, ambaye mwaka 2024 alihukumiwa miaka mitano na miezi minne. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka huo kwamba programu isiyoweza kubadilishwa na mtu yeyote haiwezi kuwekewa vikwazo kama mali, na Machi 2025 vikwazo viliondolewa. Dubai ilipiga marufuku shughuli za sarafu zinazoficha miamala mwaka 2023, na soko la Binance liliiondoa Monero Februari 2024. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizopitishwa mwaka huo zinayakataza masoko kushughulikia sarafu za aina hiyo kuanzia Julai 2027. Hazimzuii mtu kuzihifadhi kwenye pochi yake mwenyewe.