Mbabula ya udongo ilitoka wapi

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi mliokimbia vijiji mkapokelewa hapa Bukavu, bei ya makala mnaijua kuliko mimi. Mengine hutoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, na mbabula ya bati tupu huyamaliza haraka, maana joto hutokea pembeni.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati Nairobi. Miaka iliyofuata, mafundi wa Kenya walichukua mfano wa jiko la Thailand: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Majaribio ya kwanza yalipasuka. Wakabadili umbo, likawa na kiuno chembamba, udongo ukakaa nusu ya juu tu. Kati ya udongo na bati wakatia saruji na vemikulaiti, jiwe linalofura motoni likawa jepesi kama bisi. Likitengenezwa vizuri, lilipunguza makala kwa theluthi moja hivi, pengine zaidi.

Kazi kubwa hufanywa na hewa. Wafinyanzi wengine huchanganya udongo na pumba za mpunga au unga wa mbao. Tanuru huvila, vinabaki vitundu vya hewa, na hewa haipitishi joto upesi. Ila vitundu vikizidi, udongo hulegea, na kusonga bugali si mchezo: mama akikaza mwiko, mbabula inavunjika.

Ukinunua sokoni, gonga udongo kwa kidole. Ukilia vizuri, umeiva. Sauti ikiwa butu, pengine una ufa.