Kazi ya Mungu na Kazi ya Mwanadamu

Somo: Luka 13:1-5



Tunapokwenda matangani liko neno moja ambalo halikosi kusemwa. Mtu husimama mbele ya wafiwa na kusema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Neno hilo ni la kweli, na wengi wamepata nguvu kwalo. Lakini leo napenda tujiulize jambo moja. Je, kila kifo ni kazi ya Mungu? Ili tupate jibu, twende pamoja hadi nchi ya Japani, katika mji wa Nagasaki.

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 9 Agosti 1945, siku tatu baada ya mji wa Hiroshima kuangamizwa, ndege ya vita ya Marekani iliondoka katika kisiwa cha Tinian ikichukua bomu la pili la atomiki. Mji uliokusudiwa kwanza ulikuwa Kokura, penye kiwanda kikubwa cha silaha. Ndege ilipofika huko iliukuta mji umefunikwa na mawingu na moshi. Ikazunguka mara tatu, na mara zote tatu yule aliyepewa kazi ya kulenga hakuona shabaha yake. Mafuta yalikuwa yakipungua. Basi wakageuka, wakaenda Nagasaki. Huko nako kulikuwa na mawingu, ila yaliachana kidogo, na bomu likaachiliwa. Saa tano na dakika mbili asubuhi lililipuka juu ya bonde la Urakami, kilomita tatu hivi kutoka mahali walipokusudia.

Sasa, ndugu zangu, ni akina nani waliokaa Urakami? Kulikuwa na viwanda vya silaha, ni kweli. Lakini bonde hilo ndilo lililokuwa makao ya Wakristo wengi kuliko mahali pengine popote katika Japani. Ukristo ulipigwa marufuku nchini humo mwaka 1614. Watu wa Urakami waliishika imani kwa siri zaidi ya miaka 200 bila kuwa na mapadri, wakibatiza watoto wao wenyewe na kufundishana sala usiku. Watawala waliwalazimisha kukanyaga sanamu za Kristo ili waonyeshe kuwa wameikana imani. Walipojitokeza mwaka 1865, mateso yakaanza upya. Zaidi ya watu 3,000 walitolewa vijijini mwao na kutawanywa kifungoni mbali, na zaidi ya 600 wakafa huko. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1873, waliobaki walirudi kwao. Wakanunua uwanja uleule ambapo wazee wao walikuwa wamelazimishwa kukanyaga sanamu, wakajenga juu yake kanisa kuu la matofali lenye kengele mbili.

Kanisa hilo lilikuwa nusu kilomita tu kutoka mahali bomu lilipolipuka. Asubuhi ile mapadri wawili walikuwa ndani, na waumini walikuwa wamekuja kuungama dhambi zao kujitayarisha kwa sikukuu. Hakutoka hata mmoja akiwa hai. Katika Wakristo 12,000 hivi wa Urakami, walikufa yapata 8,500. Katika mji mzima, kufikia mwisho wa mwaka huo, waliokufa walikadiriwa kuwa 74,000, na wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Hapa ndipo somo letu linapokuja. Watu walimwendea Bwana Yesu wakamweleza habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu zao. Bwana akawauliza kama walidhani hao walikuwa wenye dhambi kuliko Wagalilaya wengine. Kisha yeye mwenyewe akawakumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akasema sivyo. Akawaambia wao wenyewe watubu.

Basi watu wa Kokura hawakuokoka kwa sababu ya utakatifu wao, wala watu wa Nagasaki hawakufa kwa sababu ya uovu wao. Wingu halichagui.

Alikuwako Urakami daktari mmoja Mkristo, jina lake Takashi Nagai, mtaalamu wa eksrei. Kazi hiyo ya eksrei ilikuwa imekwisha kumpa ugonjwa wa kansa ya damu hata kabla ya bomu. Siku ile alijeruhiwa vibaya kichwani, lakini aliendelea kuwauguza watu. Alipofika nyumbani kwake baadaye, alikuta majivu. Mahali palipokuwa jikoni aliona mifupa ya mke wake, Midori, na karibu nayo rozari iliyoyeyuka. Watoto wao wawili walikuwa wamepelekwa mlimani kwa nyanya yao, wakapona.

Tarehe 23 Novemba 1945 Wakristo waliobaki walikusanyika kwenye magofu ya kanisa kuwaombea wafu wao, na Nagai akaombwa aseme neno. Alisema ya kwamba Urakami ulichaguliwa na Mungu kama mwana-kondoo safi, ukateketezwa madhabahuni kuwa sadaka kwa ajili ya dhambi za vita. Akawaambia wamshukuru Mungu. Alikuwa akisema nao waliokuwa wakiambiwa na majirani kwamba bomu ni adhabu ya miungu ya Japani juu ya Wakristo, na kwa maneno yale aliwarudishia wafu wao heshima. Siwezi kumhukumu mtu aliyezika mifupa ya mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Naye hakuishia kusema tu. Alikaa katika kibanda kidogo alichokiita kwa jina linalotokana na amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, akaandika vitabu akiwa amelala kitandani, akapanda miti ya maua katika nchi iliyoungua. Alifariki tarehe 1 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 43.

Lakini neno lile liliwaletea wengine mzigo. Kama ni Mungu aliyechagua, nani atathubutu kulalamika? Wengi walinyamaza. Tena utawala wa jeshi la Marekani uliokuwa Japani ulizuia magazeti kuandika habari za mateso ya bomu. Na mateso yalikuwa bado yanaendelea, kwa maana bomu hili haliui siku moja tu. Miale yake iliingia katika miili ya watu. Walioonekana wazima walianza kunyonyoka nywele na kutokwa na damu, wakafa baada ya majuma machache. Baada ya miaka michache, kansa ya damu ikaanza kuwapata wengi, hasa watoto.

Kijana mmoja, Sumiteru Taniguchi, alikuwa na miaka 16 akipeleka barua kwa baiskeli. Moto wa bomu ulimchuna ngozi ya mgongo wote. Alilala kifudifudi hospitalini mwaka mmoja na miezi tisa bila kuweza kugeuka, na wauguzi walipokuja kumsafisha vidonda alilia akiomba wamwue. Aliishi hadi mwaka 2017, akionyesha makovu yake kwa watu wa mataifa mengi ili wasiseme hawakujua.

Watu kama yeye Wajapani huwaita hibakusha. Pamoja na maumivu ya mwili walipata uchungu mwingine. Watu waliogopa kuoa au kuolewa nao, wakidhani watazaa watoto wagonjwa. Waajiri waliwakataa. Wasichana walificha makovu yao, na wazazi waliwaonya watoto wasiseme walikuwa wapi siku ile. Serikali yao ilichelewa hadi mwaka 1957 kupitisha sheria ya kuwapa matibabu. Watu waliokuwa wameumizwa na adui, sasa waliumizwa na jirani. Hiyo nayo, je, tuiite kazi ya Mungu?

Mnamo tarehe 25 Februari 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika mji wa Hiroshima, akasema kwa lugha ya Kijapani ya kwamba vita ni kazi ya mwanadamu. Sisi si wa kanisa lake, lakini neno la kweli ni la kweli, hata likitoka kwa jirani. Wako wazee Wakristo wa Nagasaki ambao waliposikia hivyo waliona kama mzigo umetuliwa mabegani mwao. Kwa muda wa miaka 35 walidhani kwamba kulia ni kumnung'unikia Mungu. Sasa waliweza kulia, na waliweza kusema waliyoyaona.

Na tukisema ni kazi ya mwanadamu, tusidhani ni mwanadamu wa taifa moja tu. Majeshi ya Japani yalikuwa yamefanya ukatili mkubwa katika Uchina, Korea na nchi nyingine. Wazee wetu, askari wa Keya, walipelekwa hata Burma kupigana nao, na vita vilipokoma mwezi ule wa Agosti walifurahi kwamba watarudi nyumbani. Furaha yao tunaielewa. Hata nchi ya Afrika imo katika habari hii. Sehemu kubwa ya uraniamu waliyotumia Wamarekani katika kutengeneza mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga katika Kongo, na mikono ya Waafrika waliozungumza Kiswahili kama sisi, wasioambiwa ni ya kazi gani.

Kanisa nalo limo. Kabla ya ndege ya kwanza kuondoka kwenda Hiroshima, kasisi wa Kilutheri aliomba dua kwa ajili ya askari wake. Padri George Zabelka, kasisi wa kijeshi wa Kikatoliki aliyehudumu Tinian wakati huo, alikuja kukiri baadaye kwamba hakusema neno lolote kupinga kuuawa kwa raia wasio na silaha. Rubani aliyebatizwa aliangusha bomu juu ya watu waliobatizwa, na mchungaji wake alinyamaza. Katika miaka ya 1980 mzee huyo alisafiri mpaka Japani kuomba msamaha. Yeye alilielewa jibu la Bwana kuhusu mnara wa Siloamu, ya kwamba mtu akisikia habari za msiba hana budi kuutazama moyo wake mwenyewe na kutubu.

Sasa nawaambia habari ya kengele. Kanisa la Urakami lilipoanguka, kengele moja ilivunjika kabisa. Ile kubwa ilizikwa chini ya vifusi. Waumini waliichimbua wakaikuta nzima, wakaitundika juu ya miti, na usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1945 ikalia katika bonde lile la majivu. Kanisa lilijengwa upya mwaka 1959, lakini mnara wa pili ulibaki bila kengele.

Miaka mingi baadaye, Mmarekani mmoja alisikia habari za mnara ule mtupu. Babu yake alikuwa daktari katika kazi ileile ya siri iliyotengeneza bomu. Hakusema kwamba mambo ya babu hayamhusu. Alizunguka akiwaomba Wakristo wa Marekani wachange, wakachanga, kengele mpya ikatengenezwa na kupelekwa Nagasaki. Tarehe 9 Agosti 2025, saa tano na dakika mbili, baada ya miaka 80, kengele mbili zililia pamoja.

Kengele haifufui mtu. Lakini ndugu zangu, hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo na toba ndani yake. Imeuita uovu kwa jina lake, tena imeleta kitu mkononi.

Hibakusha wenyewe wametufundisha hayo. Chama chao kilichoundwa mwaka 1956 kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024, kwa sababu wameshuhudia miaka mingi, bila kudai kisasi, kwamba silaha hizi zisitumike tena popote. Mwaka 2025 hesabu yao ilishuka chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza, na umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 86. Karibu watatuacha, na ushuhuda utabaki mikononi mwa wale waliosikia.

Basi tukirudi kwetu, tuchunge vinywa vyetu mbele ya wafiwa. Dereva akiendesha gari bovu, likaua abiria, tusimpakazie Mungu kazi ya dereva na ya mwenye gari. Nyumba zikichomwa na watu wakauawa kwa ajili ya kabila lao, tusisimame kaburini tukasema Mungu amependa. Kazi ya Mungu haina makosa, naam. Lakini kazi ya mwanadamu ina makosa mengi, na makosa yasiyotajwa hayatubiwi. Mfiwa anapolia, tumwache alie, tukae naye. Na kama mikono yetu, au ya baba zetu, ilihusika katika jambo lile, twende kwake na kitu mkononi.

Kazi ya Mungu ni ipi katika habari hii yote? Mimi naiona kwa daktari mgonjwa aliyeuguza wagonjwa, kwa kijana aliyelia afe akaishi kuwaonya mataifa, na kwa mjukuu aliyechangisha kengele. Naiona zaidi msalabani, ambapo Mungu hakusimama juu ya mawingu akichagua mji wa kuteketeza, bali alikuwa pamoja na waliouawa.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wa mataifa yote, tunawakumbuka mbele zako waliokufa Hiroshima na Nagasaki, na wazee wanaochukua makovu yao hata leo. Utusamehe tulipokubandikia wewe yale tuliyoyatenda sisi. Utupe moyo wa toba, na mikono ya kutengeneza tulipobomoa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.