Kizazi cha pembe mbili: kwa nini umuone daktari wa pili (Sehemu ya 4)

Leo tunarudi nyuma kidogo kwenye historia, maana swali linalonijia sana ni hili: "Nesi, nimeambiwa kizazi changu kina pembe mbili, ndo basi tena?"

Si ndo basi. Twende taratibu.

Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, kizazi chake huanza kama mirija miwili. Mwaka 1830 Mjerumani Johannes Müller aliieleza, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mirija hiyo huungana, kisha ukuta wa katikati huyeyuka. Isipoungana vizuri, unapata pembe mbili. Ikiungana lakini ukuta ukabaki, kizazi kwa nje ni cha kawaida, ila ndani kimegawanyika. Ni maumbile. Si laana, wala si sindano za uzazi wa mpango.

Mwaka 1907 Paul Strassmann wa Berlin alieleza upasuaji wa kuunganisha pembe hizo: tumbo linafunguliwa, kizazi kinapasuliwa na kushonwa upya. Kikaja pia kipimo cha HSG, ile dawa inayopitishwa mlango wa kizazi ukapigwa eksirei. Kinasaidia sana kwenye mirija, ila kinaonyesha ndani tu. Pembe mbili na ukuta hufanana mno kwenye picha hiyo, na hapo ndipo watu huchanganywa. Kutofautisha, lazima umbo la nje lionekane, kwa mfano kwa ultrasaundi ya 3D au MRI.

Tofauti hiyo ni kubwa jamani. Wenye pembe mbili wengi hushika mimba bila kuguswa. Shida huwa zaidi mimba kutoka, mtoto kuwahi au kutanguliza matako. Ukuta nao siku hizi hukatwa kupitia mlango wa kizazi, bila kufungua tumbo. Na hata huo, utafiti wa wanawake 80 uliotoka 2021 ulikuta waliokatwa, asilimia 31 walipata mtoto hai. Wasiokatwa, asilimia 35. Ni utafiti mdogo, na mabingwa bado wanabishana.

Sasa kama mabingwa wanabishana, wewe kuuliza tena si utovu wa adabu. Kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji, omba picha zenyewe, si majibu ya maandishi tu. Omba rufaa, iwe Iringa au Meta kule Mbeya. Uliza: ni ukuta au pembe? Umbo la nje limeonekana? Nisipofanyiwa itakuwaje? Na baba naye apime mbegu, msibebeshane lawama.

Nauli ya Mbeya inauma, najua. Kizazi kilichopasuliwa bila sababu kinauma zaidi.

Sehemu ya 5: mbegu za baba. Msinikimbie!